Siku Mama Alipoliliwa Akiwa Hai

Chekeni tu, maana hata wanangu siku hizi huwasimulia wageni aibu hii kabla sijawakaribisha kiti, nami nimechoka kuikana.

Miaka ile ya sabini, hapa Ushirombo, Mjapani mmoja, Bwana Morita, fundi wa visima, alipanga chumba uani kwangu. Alikuwa mfuasi wa Buddha (wengine walidhani Buddha ni kijiji chao). Kwao ni bondeni kati ya milima, kuna misitu na hekalu la kale ambalo kengele yake, alisema, husikika mpaka kwenye majaruba ya mpunga. Kila mwaka wakati wa joto wafu wao hurudi kuwatembelea, wanaandaliwa chakula, kisha jioni wanasindikizwa mtoni kwa taa za karatasi. Mwaka ule hakuweza kwenda, akaniomba amkaribishe marehemu mama yake uani kwangu. Nikakubali, kuna ubaya gani?

Ubaya ulikuwa mdomo wangu. Asubuhi naenda kusaga, gunia kwenye baiskeli, tairi linaisha upepo, jirani yangu Mama Shija akauliza, "Baba Kulwa, mbona mgeni wako hajaenda kazini?" Ningesema amepumzika, yakaisha. Lakini mimi, huku nakanyaga pedali, "Ana shughuli ya marehemu mama, pale kwangu!"

Mashine ikaharibika, nikarudi alasiri. Ua umejaa! Wanawake wamekuja na unga, kuni na kuku, katekista anaongoza rozari, na mama mkwe wangu (ambaye kumtazama usoni tu ni mwiko) ameshuka kwenye lori la pamba kutoka Masumbwe, anagaagaa chini akilia, "Mayu! Mayu wane!" yaani mama yangu. Bwana Morita, kakaa kando ya meza yake ya wali na ng'ombe wa bilinganya mwenye miguu ya njiti (ndiye wa kumrudisha marehemu), anamwinamia kila anayeingia, machozi yanamtoka, akidhani kijiji kizima kimekuja kumpokea mama yake.

Kabla sijasema neno, mama yangu mzazi, niliyekuwa nikiishi naye na ambaye masikio yalishaanza kumchezea, akatoka jikoni na ungo wa karanga.

"Nani kafa?"

Mama mkwe akamwona yule yule aliyekuwa akimlilia, akapiga yowe, akakurupuka, akaiparamia ile meza. Wali wote chini.

"Baba Kulwa," akasema katekista, "tuko katikati ya rozari. Tunamwombea nani?"

Nikaeleza kwamba aliyekufa ni mama wa Bwana Morita, kwamba alikufa zamani, na kwamba leo amekuja kutembea.

"Amekuja?" Mama Shija akaruka. "Yuko wapi?"

Kila nilipofafanua nikazidi kuharibu. Mwishowe, kwa kuwa kuku walishaiva, watu wakala, wakamsindikiza Bwana Morita bwawani na taa yake, katekista akisimama mbali lakini haondoki. Mjapani akanishika mkono kwa mikono yote miwili, eti hata hekaluni kwao mama yake hajawahi kupata watu wengi hivyo. Aliyenishukuru siku ile ni yeye peke yake.

Kesho yake nikampelekea mama uji. "Shikamoo, mama." Hakuitikia.

"Siku nikifa kweli," akasema, "wewe kaa kimya. Atatangaza mwingine."

Tangu hapo habari za msiba hazipiti kinywani mwangu. Alipofariki kweli, miaka mingi baadaye, nilikaa kimya, mke wangu akatangaza, na bado majirani walimtuma mtu kwanza aje kuhakikisha.