Waithira na Binti wa Dukani

Waithira alikuwa na miaka arobaini na minne alipopata ufadhili wa kwenda kusoma Uskoti. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi huko Wamagana, Tetu, akifundisha watoto wanaochelewa kujua kusoma, na hakuwa amewahi kupanda ndege. Mumewe, Ngatia, alimwambia aende tu, ng'ombe atawakama mwenyewe. Binti yao Shiro, aliyekuwa kidato cha nne, alicheka mpaka machozi yakamtoka kusikia kwamba mama naye anarudi kuwa mwanafunzi.

Wiki ya mwisho alishuka Nyeri mjini kutafuta sweta nzito katika duka la Shashikant, alikozoea kumnunulia Shiro sare za shule. Mzee huyo aliposikia habari ya safari aliacha kukunja kitambaa.

"Uskoti? Mji gani?"

"Dundee."

"Ati Dundee! Mama Shiro, Trupti yangu iko huko, mwaka ya pili sasa. Hiyo mtoto hakuli vizuri. Mama yake analia kila wakipigiana simu. Tafadhali, wewe ni mzazi, umwangalie."

Waithira akaahidi. Mke wa Shashikant, Sarla, akampa chupa ya achari ya embe amfikishie binti yake, imefungwa kwa karatasi na kanga kuukuu isije ikavunjika njiani.

Trupti alimpokea kituo cha basi huko Dundee. Waithira alimkumbuka akiwa mdogo, ameketi juu ya kaunta ya baba yake akila karanga. Sasa alikuwa msichana mrefu, mwembamba, amevaa koti refu jeusi. Akaipokea chupa kwa mikono miwili, akanusa kifuniko, kisha akamkumbatia mgeni wake kwa nguvu.

"Karibu sana, Anti. Si uko na baridi? Hii upepo ya mto haina huruma."

Kabla wiki haijaisha ilikuwa wazi nani anamwangalia nani. Ni Trupti aliyemwonyesha Waithira jinsi ya kulipa nauli ya basi kwa kadi, na mashine ya kufulia inavyofunguliwa. Ni yeye aliyemwambia kwamba wahadhiri huko huitwa kwa majina yao ya kwanza. Hilo Waithira lilimshinda. Aliendelea kumwita mhadhiri wake, mama mmoja wa umri wa mdogo wake, "Mwalimu," na darasani alinyamaza kimya huku vijana wakibishana na mhadhiri huyo kama rika lao. Kwao Tetu, mwalimu akiongea unasikiliza.

Naye Waithira aliona kwamba Sarla hakukosea. Mtoto alikuwa anaishi kwa mkate na chai. Jumamosi moja akapata mahindi makavu na maharagwe katika duka la Mnigeria, akachemsha githeri, akaikaanga kwa vitunguu na viazi. Trupti, ambaye kwao hawali nyama, alikula sahani mbili na kuongeza achari juu.

"Sijashiba hivi tangu nitoke Nyeri," akasema. Kuanzia siku hiyo Jumamosi ikawa ya githeri.

Kisha insha ya kwanza ikarudi. Waithira alikuwa amevisoma vitabu vyote alivyoelekezwa, akaeleza kwa uangalifu yale ambayo kila profesa alisema. Mhadhiri aliandika chini yake: Nimewasikia wote hawa. Wewe uko wapi?

Waithira alisoma maneno hayo jikoni, mbele ya Trupti, uso ukamwaka moto.

"Nimezeeka kwa hii mambo," akasema. "Wacha nirudi nyumbani nifundishe."

Trupti alivuta kiti.

"Anti, niambie tu kuhusu mtoto mmoja. Yule aliyekusumbua zaidi."

Waithira akamsimulia juu ya Mburu, aliyekaa miaka miwili bila kusoma neno, mpaka siku Waithira alipomkuta akimfundisha mdogo wake nyimbo kwa kuchora picha ya kila mstari kwenye mchanga. Tangu hapo akaanza kumfundisha kwa picha. Alipokuwa akisimulia alisahau hasira, akasimama, akachora hewani kwa kidole. Alipogeuka, Trupti alikuwa anaandika kila kitu kwenye kompyuta.

"Ona, uko hapa," akasema Trupti. "Sasa weka hao maprofesa karibu na Mburu, tuone kama wanaelewana."

Waithira aliandika insha upya kwa siku kadhaa, akibofya kwa vidole viwili. Safari hii mhadhiri alimwomba aisome darasani. Akasoma, vijana wakamuuliza maswali, akajibu, na alipoketi alitambua kwamba amebishana na watu wawili na hakuna aliyekasirika.

Mahafali yalikuwa Novemba ya mwaka uliofuata. Ngatia na Shiro hawakuweza kufika, kwa hiyo kiti cha familia alikikalia Trupti, amevaa sari ya kijani. Katika ukumbi ule watu walipigiwa makofi ya adabu, mmoja baada ya mwingine. Jina la Waithira lilipoitwa, sauti moja kali ikapaa kutoka nyuma: ngemi, vile vigelegele vya akina mama wa Tetu, virefu, bila kukatika. Shiro alikuwa amemfundisha Trupti kwa simu wiki nzima, na majirani wa msichana huyo hostelini walikuwa wamelalamika.

Ukumbi mzima ukageuka, kisha ukacheka, kisha makofi yakawa mengine kabisa. Waithira alisimama jukwaani akamtafuta kwa macho, akamwona yule msichana wa sari ya kijani amesimama peke yake, mkono mdomoni, anaanza tena.