Chakula cha Krismasi cha baba mkwe

Jamani, mama yangu kanimaliza leo.

Tulikuwa tunapanga chakula cha Krismasi hapa nyumbani Ipuli. Asubuhi supu na chapati, mchana pilau ya mbuzi. Mchumba wangu Yohana alikuwepo, maana siku hiyo anamleta baba yake kutoka Kigwa.

Alipomtaja mzee kwa jina, mama akaacha kuchambua mchele.

“Huyo alikuwa mgambo. Tulipohamishiwa kijiji cha ujamaa alitia moto nyumba yangu, mahindi yote yakiwa ndani. Kaka yako ambaye hukumkuta alikufa kwa njaa. Mpikieni uji wa pumba, ndio niliompa mwanangu.”

Yohana akainamisha kichwa. “Mama, baba siku hizi hakumbuki kitu.”

“Basi atakula bila kuuliza.”

Niambieni, nimpikie nini huyu mzee?