Anayekufa Ndiye Anayekaa

Drahomíra Vaněčková, binti Oldřich Havrda, mjukuu wa Anežka aliyeficha ng'ombe chumbani wakati wa vita na kuwaambia askari kwamba anayekohoa mle ndani ni mume wake; msokotaji wa kitani katika mji wa Úpice tangu alipomaliza shule ya msingi mpaka kiwanda kilipofungwa; mjane wa Jaromír; msimulizi wa mchezo wa Ufalme wa Kinamasi, aliyechoma madaraja, aliyewazika wafalme, na ambaye hajawahi kumdanganya mchezaji wake hata kwa dadu moja. Huyo ndiye anayesimuliwa hapa.

Mchezo huo uliletwa nyumbani kwake na mwanawe Zbyněk, ule mwaka serikali ya zamani ilipoanguka na kila kitu kipya kikawa kinaletwa kwenye mifuko ya shule. Kila mchezaji ana mtu wake wa kubuni aliyeandikwa kwenye karatasi. Msimulizi anaeleza kilichoko mbele, mchezaji anasema mtu wake anafanya nini, na penye hatari dadu ndiyo inayoamua. Kitabu cha mchezo kilisema aliyekufa achane karatasi yake aanze upya na mtu dhaifu. Basi Zbyněk na rafiki zake wakawa waoga kama sungura, na mchana kutwa wakigombea nani awe msimulizi, maana msimulizi hafi.

Drahomíra alikuwa akimenya viazi pale pale mezani. Alichoka na kelele, akaweka kisu chini, akatangaza sheria yake. Atasimulia yeye kwanza. Na yeyote ambaye mtu wake atakufa akimwokoa mwenzake, huyo ndiye atakayekikalia kiti cha msimulizi mwezi unaofuata. Kufa kijinga hakuhesabiwi.

Tangu siku hiyo jikoni pale hapakuwa na mwoga. Vijana waliruka visimani kuwatoa wenzao, wakasimama mbele ya mazimwi huku rafiki anakimbia, wakafa wakicheka. Kufa kulikuwa kupanda cheo. Kila mmoja alikaa kitini mwezi wake, kisha kiti kikarudi kwa Drahomíra, kwa kuwa hakuna aliyesimulia kama yeye, na yeye alilijua hilo vizuri sana.

Miaka ikaenda. Zbyněk alihamia Plzeň. Wakabaki rafiki zake Radovan na Ctibor, sasa wanaume wenye vitambi na watoto, na baadaye akaongezeka Květa wa duka la dawa, mwanamke mpole ambaye mtu wake alitembea nyuma siku zote akishika taa. Walikutana Jumapili moja kila mwezi kwa chakula cha mchana na mchezo. Na hakuna aliyekufa tena mchezoni. Radovan, ambaye ni mzimamoto na huingia kwenye moshi wa kweli bila kufikiri mara mbili, pale mezani alikuwa akichokoa kila jiwe kwa fimbo kabla ya kulikanyaga. Walinunua mbuzi wa kubuni wa kutangulizwa kila penye giza.

"Mtangulize mbuzi," Radovan alizoea kusema.

"Mbuzi kachoka, bwana," Ctibor alizoea kumjibu. "Tangulia wewe, una miguu miwili tu ya kupoteza."

Drahomíra alijivunia hali hiyo. Aliamini wamekuwa werevu kwa sababu yeye ndiye aliyewafunza.

Kisha sauti yake ikaanza kukatika. Alifanyiwa upasuaji wa koo, na daktari akamwambia wazi kwamba kilichobaki ndicho hicho: sauti kama karatasi inayosuguliwa, ya kuombea chumvi na kumwitia paka, lakini si ya kusimulia tangu saa nane mpaka jioni. Angeweza kumnyooshea mtu kidole na kusema kaa wewe. Hakutaka. Kiti kile hakipewi mtu. Kinapatikana kwa kufa, na hakuwahi kuvunja sheria yake mwenyewe. Lakini asipopatikana wa kukikalia, meza ile ingekwisha pamoja na sauti yake, na jikoni pangebaki yeye na paka.

Akaamua kuwawekea hatari kubwa zaidi, ili mmoja wao afe. Akaleta mafuriko, akaleta majambazi. Wao wakazidi kwenda taratibu. Jumapili nzima ilipita wakiwa wamesimama mbele ya mlango mmoja, wanajadili bawaba.

Siku ile Květa alibaki kuosha vyombo. Drahomíra akaketi karibu naye na kumuuliza, kwa kile kisauti chake, kwa nini wanaogopa kufa hivyo na hali watu wenyewe ni wa karatasi.

Květa aliendelea kusugua sufuria. "Kufa si tabu, shangazi," alisema. "Tabu ni kukaa pale. Kazini natoka hoi, nyumbani mama mgonjwa. Mwezi mzima niwaze hadithi, peke yangu, halafu nije nikae kwenye kiti chako wewe? Wataniangalia wakikukumbuka wewe. Afadhali nishike taa."

Drahomíra alichukua kitambaa akakausha vikombe. Usiku alilala vibaya. Ile sheria iliyowapa vijana moyo ndiyo hiyo hiyo iliyowafunga wakubwa, na sehemu ya kufuli hilo ilikuwa sifa zake mwenyewe za usimulizi.

Mwezi uliofuata, kabla supu haijapoa, aligonga meza kwa kijiko. Sheria ileile, akanong'ona, ila sasa kiti ni cha wawili. Aliyekufa anakikalia, na yule aliyeokolewa anakaa kando yake, wanatunga pamoja mwezi mzima. Anayeokolewa ana deni. Radovan alicheka, akasema basi yeye haokolewi na mtu asiyejua kupika.

Mchana ule walivuka kinamasi. Mtu wa Ctibor alikanyaga pabaya, akazama mpaka mabegani. Kamba ilikuwa fupi. Radovan alikuwa ng'ambo na mbuzi.

"Anazama," Drahomíra alisema. "Mnafanya nini?"

Ctibor alikuwa tayari anaisogeza karatasi yake pembeni, kama mtu anayeaga. Květa alimtazama, kisha akatazama kile kiti.

"Naweka taa chini," alisema. "Naingia."

"Květa, we acha," alisema Ctibor. "Utakufa bure."

"Nyamaza, unakunywa matope."

Alirusha dadu. Ikabingirika hadi kwenye sahani ya mkate, ikasimama kwenye mbili, pungufu mno kwake kupona. Drahomíra akawaeleza polepole, kwa sauti yote iliyobaki, jinsi mwanamke mwenye taa alivyomsukuma mwenzake juu kwa mabega yake, na jinsi matope yalivyotulia baada ya hapo. Radovan aliinuka akamimina pombe ya plamu kwenye vikombe vinne bila kuulizwa. Ctibor alifuta macho, akalaumu vitunguu vya kwenye supu.

Drahomíra akaondoka kitini. Ilimchukua muda, magoti yake si ya jana. Akamkalisha Květa pale, akavuta kigoda upande wa wachezaji, mahali ambapo hakuwahi kukaa, akachukua karatasi tupu.

"Sijawahi kuwa na mtu wangu," alisema. "Nitungie mmoja, mwanangu. Bubu, mwenye shoka. Mwezi ujao mniingize pale kinamasini, wewe na Ctibor, na msinionee huruma."