Karatasi Mbili za Baba

Mimi hasira yangu haina breki. Watu wa Makutano wanajua, kwa sababu kibanda changu cha kutengeneza simu kiko hapo kando ya barabara, na nikianza kuongea sauti inafika ng'ambo hata lori zikipita. Kwa hivyo nikikuambia kuna siku nilikasirika na sikupaza sauti, ujue kuna kitu kilinizuia.

Ndugu yangu alikuwa amemaliza chuo cha ualimu, anangoja kuitwa kazi. Yeye ni mtoto wa baba mdogo, lakini sisi kwetu tunasema ndugu, basi. Baba yangu alikufa hata sijafikisha mwaka. Baba mdogo akanichukua, akanilisha, akanichapa, akanisomesha mpaka darasa la nane nikaacha mwenyewe. Mambo ya simu hakuna mtu alinifundisha. Nilikuwa naokota zilizokufa nazifungua.

Ndugu yangu alikuwa anakuja kuketi na mimi kibandani, anasoma vitu kwa simu yake. Akaanza kuuliza maswali juu ya Biblia. Mwanzoni aliuliza kama mtu anataka kujua. Baadaye akawa anauliza kama mtu ameshajijibu.

Hayo maswali singejali. Shida ni shosho, nyanya yetu mzaa baba. Macho yake yameingia mtoto wa jicho, haoni herufi. Kila Jumapili, chakula kikiisha, ndugu yangu ndiye alikuwa anamsomea Biblia ya Kimeru, ile ya zamani yenye gamba limeshonwa na uzi wa gunia. Halafu akaacha. Akasema hawezi kusoma kitu haamini, eti ni kumdanganya mama mzee. Jumapili tatu shosho akaketi na Biblia mapajani, anangoja. Nikajaribu mimi. Kimeru naongea kama maji, lakini kukisoma nakwama kila mstari. Shosho akanivumilia mpaka mwisho wa sura, akasema, "Asante mzee wangu, sasa pumzika." Anatuita hivyo sisi wote wawili kwa sababu tumebeba jina la babu, bwana yake. Nikatoka nje nikapiga teke debe, na debe halikuwa na makosa.

Sasa hiyo siku ninayosema, mama mmoja wa kuuza ndizi alikuwa ameniletea simu imeingia maji. Nimeifungua, naipuliza. Ndugu yangu akainua kichwa.

"Fundi, hebu niambie. Baba yake Yusufu aliitwa nani?"

"Yusufu gani?"

"Wa Mariamu. Seremala."

Sikujua. Nikaendelea kupuliza.

"Injili moja inasema ni Yakobo. Nyingine inasema ni Eli. Mtu mmoja, baba wawili. Mmoja wa hao waandishi anadanganya. Na kama jina la baba limewashinda, hayo ya kaburi tupu tuwaamini aje?"

Mama wa ndizi akacheka. "Mwalimu, wewe ukipewa darasa watoto watalia."

"Nangoja fundi," akasema. "Ama huko kanisani kwenu ni kuimba tu?"

Bisibisi ilikuwa mkononi mwangu. Sitaficha, nilisimama. Nilikuwa nataka kumuuliza ni nani alimpeleka hiyo chuo kama si maombi ya shosho, na baada ya hapo sijui ningefanya nini. Lakini yale maneno, mmoja anadanganya, nilikuwa nimeyasikia mahali.

Miaka miwili nyuma nilitaka pasipoti niende Uarabuni kutafuta kazi. Cheti changu cha kuzaliwa kiko na jina la baba yangu. Kitambulisho kiko na jina la baba mdogo, kwa sababu ndiye alinipeleka kwa chifu, na karani akaandika yule amemwona. Nikafika kwa ofisi, yule wa dirishani akaangalia hii, akaangalia ile, akasema, "Moja ya hizi inadanganya. Enda uchague baba mmoja." Nikamwambia vitu siwezi kuandika hapa. Askari akaanza kuja. Ndugu yangu, tulikuwa na yeye, akanivuta shati akaniweka nyuma yake. Akamwambia yule mtu polepole kabisa, "Hakuna inadanganya. Huyu alimzaa, huyu alimlea, na ni baba yangu. Kwetu ndugu yako akifa, mtoto wake ni wako. Uliza nyumbani kwetu." Uarabuni sikuenda mwishowe, lakini hayo maneno sijasahau.

Nikaketi. Hizo karatasi nazihifadhi kwa droo, chini ya betri za zamani, ndani ya karatasi ya nailoni. Nikaziweka mezani mbele yake.

"Soma jina la baba hapa. Sasa soma hapa."

Akaangalia. Akaangalia na ile ingine.

"Gani inadanganya?"

"Fundi, hiyo ni story ingine."

"Gani inadanganya?" Sikupaza sauti. Mama wa ndizi naye akainama kuona.

"Hakuna," akasema. Halafu akakumbuka yeye ni mwalimu. "Lakini haithibitishi kwa Yusufu ilikuwa hivyo."

"Haithibitishi," nikasema. "Mimi sijui kwa kina Yusufu ilikuwa aje, sikuwepo. Na kesho utaleta swali lingine na kwa droo sitakuwa na karatasi. Lakini siwezi kumwita mtu mwongo kabla sijauliza kwao wanaitana namna gani. Hiyo ni wewe ulinifundisha, pale dirishani."

Nikaona niseme yote.

"Mimi naamini kwa sababu ya baba yako. Nilimuuliza siku moja kwa nini alinichukua na hata wewe ulikuwa hujapata maziwa ya kutosha. Akaniambia alisoma kwa Biblia kwamba yatima asiachwe, akaona hawezi kusoma hivyo halafu aniache. Sasa mimi nikisema hicho kitabu ni uongo, nitasema mimi nimetoka wapi?"

Akachukua karatasi zangu, akazifuta vumbi na mkono wa shati, akazirudisha kwa nailoni.

"Na shosho," nikasema, "hajakuuliza kama unaamini. Amekuuliza umsomee."

"Na mimi nauliza simu yangu," mama wa ndizi akasema. "Ama mpaka Yusufu apate baba?"

Tukacheka wote watatu. Simu ikawaka, lakini spika ilikuwa imekufa.

Jumapili alikuja kwa shosho. Sikumuuliza anaamini ama haamini, na kwangu mimi kutouliza ni kazi ngumu kuliko kubeba magunia. Tulikula mukimo, shosho akampa Biblia kama hakuna Jumapili tatu zilikuwa zimepita.

"Nisome wapi?"

"Popote unataka, mzee wangu."

Akafungua mwenyewe pale kwa orodha ya majina, huyu mwana wa huyu, huyu wa huyu. Akasoma mbio, kama mtu anataka kumaliza. Shosho akamgusa goti.

"Polepole. Hao ni watu, si mahindi unamwaga."

Akarudi juu, akaanza tena kwa Yusufu, mwana wa Eli. Mimi nilikuwa nimeketi mlangoni napukuchua mahindi, na mimi nikapukuchua polepole.