Watu wa Treni Hawakuwa na Wakati

Mwezi uliopita binti yangu alirudi nyumbani, hapa Kashuga, kwa vakanse, likizo ya shule, na kabla hata hajamaliza chai yake akanivuta mkono. "Mama, kuya uone kitu." Ndani ya simu yake kulikuwa na treni ya zamani, nyeusi, inamwaga moshi, inakata nchi nisiyoijua kwa kasi ya ajabu. Kituoni watu walitembea chapuchapu, magoti yakirukaruka, kofia zikivuliwa na kuvaliwa tena kabla hujapepesa jicho. Yeye alikuwa anacheka. Mimi, rafiki yangu, niliweka sahani chini, maana watu hao nilikuwa nawajua. Siapi kwamba ni picha ileile. Lakini nimekulia katika mwendo ule, kule Nyamitaba, ambako reli haijawahi kufika, na kwa sababu ya mwendo ule mtu mmoja wa nyumba yetu alisubiriwa hadi mwisho.

Nyamitaba ya utoto wangu ilikuwa baridi kwanza, mambo mengine baadaye. Asubuhi ukungu ulikuwa umelala mabondeni na ng'ombe ulikuwa unawasikia kabla ya kuwaona. Sisi watoto tuliota moto jikoni kwa bibi, tukisukumana, huku maharage ya jana yakichemka upya na moshi ukitutoa machozi. Tulikula viazi vitamu kwa mashanza, yale maziwa ya kuganda, yaliyokaa kibuyuni mpaka yakauma ulimi. Bibi hakuwa mtu wa kubembeleza. Ukikawia kwenye moto alikuuliza kama wewe ni mgeni, kisha akakukumbusha kwamba mgeni ni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Jembe lenyewe lilikuwa tayari mlangoni.

Mashamba yetu yalishuka kutoka kwenye mikaratusi mpaka mtoni. Kipande cha katikati, chenye udongo mweusi kupita vyote, kilikuwa cha baba mkubwa, mzaliwa wa kwanza wa bibi. Mimi sikumwona kamwe. Aliondoka kabla baba yangu hajaota ndevu. Aliteremka kwa miguu mpaka upande wa Walikale, akalala kwa jamaa zetu wa Buleusa, kisha akaingia msituni na vijana wenzake kwenda kuitafuta treni ya kuwapeleka kwenye migodi ya Katanga. Watu wa Buleusa ndio wa mwisho kumwona. Walisema alikula vizuri, akatania wasichana, akaomba chumvi ya njiani. Baada ya hapo, kimya. Babu kabla ya kufa aliacha neno kwamba kipande kile kisiguswe mpaka mwenyewe arudi, na bibi akakilima yeye peke yake, maharage na mihogo, msimu baada ya msimu.

Lakini mgongo wa bibi ulikuwa unazeeka. Nusu ya kipande ilianza kumezwa na majani, na sisi tulikuwa watoto wengi kwenye sahani moja. Baba yangu aliliangalia shamba lile kila jioni akirudi, akikaza taya. Usimhukumu. Hakuwa na tamaa ya mali ya ndugu yake, alikuwa na njaa ya watoto wake. Kwetu, mtu akipotelea mbali na mwili wake usirudi, wazee humzikia mgomba. Shina la mgomba linakatwa, linafunikwa nguo, linalazwa kaburini, watu wanalia kama wanavyomlilia maiti, wananyoa nywele, na baadaye mali yake inagawanywa. Baba aliwaendea wazee wa ukoo, wakakubaliana kwamba maharage yakishavunwa, baba mkubwa azikwe. Bibi akaambiwa. Aliendelea kuchambua maharage, lakini niliona anatupa mazima pamoja na mabovu.

Juma lilelile Padri alikuja na sinema.

Wewe ambaye umezoea picha mfukoni hutaelewa ilikuwaje. Shuka nyeupe ilifungwa kwenye ukuta wa shule. Groupe, ile jenereta ya umeme, ikawekwa nyuma ya choo ili kelele zake zisitusumbue, na zikatusumbua vilevile. Watu walitoka vilima vyote, wengine na viti vyao, akina mama na watoto mgongoni, na kulikuwa na harufu ya mahindi ya kuchoma na ya nguo zilizonyeshewa. Kwanza Padri alituonyesha Yesu, tukanyamaza kwa heshima. Halafu, kama mtu anayewapa watoto sukari baada ya dawa, akaweka treni.

Haikuwa na sauti. Kilichosikika ni mashine tu, inakereketa kama mtu anayekwangua sufuria. Treni ilikuja ikitukimbilia na mstari wa mbele ukakimbia kweli, mwalimu wetu akiwa wa kwanza, jambo ambalo hatukumsahaulisha mpaka tulipomaliza shule. Kisha kituo. Wazungu wawili watatu, na watu weusi wengi kama sisi, wamebeba magunia na vikapu, wote mbio, wote! Gunia lilipanda begani na kushuka kama halina uzito. Mwanamke alifunga mtoto mgongoni mara moja tu, pap, amekwisha. Hakuna aliyesimama, na watu waliosalimiana waliachana mikono kabla hawajashikana sawasawa. Sisi watoto tulicheka mpaka tukalala kwenye majani. Bibi hakucheka. Aliuliza kwa sauti, uwanja mzima ukasikia, "Padri, kule njo wapi?" Padri, ambaye alikuwa anahangaika na mashine, akajibu bila kugeuka kwamba ni huko chini, kwenye njia za Katanga.

Siku ya mazishi ilifika. Mgomba ulikuwa umekwisha kukatwa, umelala nyuma ya jiko na maji yake yanachuruzika. Wazee wa ukoo walikaa, kasiksi, ile pombe ya ndizi, ikawekwa katikati, na mzee aliyekuwa mkubwa wao akamwita bibi aje kumlilia mwanawe. Bibi alitoka amevaa kitenge chake cha Pasaka. Mama zangu walitazamana, maana hakuna anayevaa nguo ya Pasaka msibani.

"Banangu," alisema, "muliona bale batu ba treni?"

Wakasema waliwaona.

"Muliona hata mumoja mwenye alisimama? Mwenye alikaa chini? Asubui banakimbia, jioni banakimbia, hata kusalimiana bananyimwa. Sasa muntu wa vile atapata saa gani ya kukumbuka mama yake? Mutoto wangu hayakufa. Hana na wakati tu."

Baba alijaribu. "Mama, ile iko sinema tu. Shamba inalala, na batoto banalala njaa."

Mzee wa ukoo alikuna kidevu. Nakumbuka vizuri jinsi alivyokuwa anafikiri, kwa uzito ule ambao mtu huifikiria nao kesi ya mpaka. Akamgeukia baba. "Weye pia ulikuwa pale, papa. Uliona muntu anapumuzika?"

Baba hakuona mtu anapumzika. Hakuna aliyeona. Kilima kizima kilikuwa shahidi, na wazee wetu hawakuzoea kukataa kile walichokiona kwa macho yao. Waliijadili kasiksi kuliko walivyoijadili kesi, kisha wakaamua kwamba haifai kumzika mtu ambaye yuko kazini. Baba aliinuka akaenda kuwatazama mbuzi wake, ambao hawakuwa na shida yoyote. Ule mgomba tuliwakatia ng'ombe.

Tokea siku ile maneno ya bibi yakawa methali ya kwetu. Mtu akichelewa misa, "yuko mu treni." Mkwe asipoleta mbuzi aliyeahidi, "hana na wakati." Sisi watoto tukaugeuza mwendo ule mchezo. Tulikwenda mtoni tukirusha magoti, tukasalimiana kwa kupigana vidole, na maji ya bidoni yakamwagika nusu nzima. Tulichapwa, tukarudia. Mashangazi walisema tumerogwa na shuka ya Padri.

Lakini shambani na bibi sikuucheza mchezo huo. Mimi ndiye niliyepewa kazi ya kumsaidia kwenye kipande cha baba mkubwa, nikifuata nyuma yake na mbegu. Kila tulipomaliza mstari alinyoosha mgongo, akatazama upande wa Walikale, mahali milima inaposhuka na msitu unapoanza. Alisema polepole, "Kama angesimama kidogo tu." Hakusema kwa uchungu. Alisema kwa huruma, kama mama anayejua mwanawe anatumikishwa sana. Mimi nami nilimhurumia baba mkubwa. Usiku wa baridi, nikijifunika, nilimwaza yuko kule anarukaruka na gunia begani, na hakuna anayemwambia apumzike. Nilimwombea kwa Mungu ampe hata Jumapili moja.

Padri alirudi na sinema yake mara kadhaa, na kila mara bibi alikaa mbele kabisa, akiivumilia Injili mpaka treni ije. Alikuwa anawatafuta. Nilihisi mwili wake unavyokakamaa wanaume wenye magunia walipotokea, shingo imenyooshwa, na kabla hajamshika mmoja kwa jicho walikuwa wamekwisha kupita. "Banapita mbio sana," alilalamika. Halafu Padri akahamishwa parokia, mashine ikaondoka naye, na hatukuiona tena treni.

Sisi tulilipa imani ile. Baba alikodi shamba kwa jirani, pembeni kabisa mwa kipande kilichoota majani, na nusu ya mavuno ikawa inakwenda kwa jirani. Kaka zangu wakubwa waliacha shule. Baba hakumtukana mama yake hata mara moja, lakini aliacha kula jikoni kwake, na hilo bibi aliliona. Siku za mwisho, kifua kilipombana, aliniita. Alikuwa mwepesi, mikono imebaki mishipa. "Akikuya," aliniambia, "musimuulize alikawia wapi. Mumupe maji ya kunawa, mumupe chakula. Atakuwa amechoka." Alikufa akiwa mama wa mtu aliye hai. Tulimzika upande wa juu wa kipande kile, kwenye mikaratusi.

Sasa hatuko tena Nyamitaba. Tulishuka mbio siku moja ambayo sina hamu ya kuisimulia, na Kashuga ikatupokea, kwanza chini ya shiti za plastiki za kambi ya wakimbizi, baadaye katika nyumba hii ya mbao. Ninalima ardhi ya watu. Wanaotoka kule wanasema kilima chetu kimekuwa malisho, ng'ombe wa watu wengine wanashuka kutoka mikaratusi hadi mtoni bila kugonga mpaka wowote. Kile kipande ambacho bibi alikilinda dhidi ya wanawe mwenyewe hakijulikani tena kilianzia wapi. Methali yetu nayo imetutoka midomoni. Hapa ukimwambia mtu "yuko mu treni," anakutazama tu.

Basi nilimsimulia binti yangu haya yote, na simu mkononi mwake, treni ikirudia kuja. Alisikiliza vizuri, ana moyo mzuri mtoto yule. Halafu akasema, "Lakini mama, bale batu habakukuwa banakimbia. Machine za zamani za kupiga picha njo zilikuwa pole vile. Ukipitisha picha yao mu machine za leo, ao mu ile ya Padri, inakimbia yenyewe. Ngoja niipunguze, utaona." Ningemzuia. Lakini kidole chake kilikuwa kimekwisha kugusa.

Treni ikaingia kituoni pole, kama ng'ombe anayerudi zizini ameshiba. Watu walewale wakateremka, wakatembea kama sisi tunavyotembea tukitoka misa. Mwanamke alifunga mtoto mgongoni, akaukaza mkunjo, akaulegeza, akaukaza tena, akageuka kumnusa kichwani. Wawili walisalimiana na mikono yao ikakaa pamoja muda mrefu, wakiulizana habari za nyumbani, naamini. Kijana mmoja alilishusha gunia lake, akalikalia. Alitoa kitu mfukoni akakitafuna, akafuta paji la uso, akacheka na mwenzake. Kisha akawa hana la kufanya. Akatutazama tu, mimi na binti yangu, amekaa juu ya gunia lake, treni imesimama nyuma yake na mlango uko wazi.

Sijui kama ni yeye, baba mkubwa. Bibi tu ndiye aliyeijua sura ile, na bibi alimtafuta miaka yote katika watu wasiokamatika kwa jicho.

"Mama, unalilia nini?"

"Alikuwa na wakati," nilimwambia. "Wote walikuwa na wakati."