Mlango wa Venisi Katika Nyumba ya Ibra

Saruji mbichi ikimwagiwa maji alasiri hutoa harufu ambayo nimejaribu mara nyingi kuieleza na sijaweza. Iko karibu na harufu ya vumbi lililopata mvua, lakini ni nzito zaidi, na ndani yake mna ukali kidogo unaopanda puani. Hadi leo nikipita penye nyumba inayojengwa na kuinusa, narudi Ibra, mji wetu wa Uarabuni, kiangazi nilichokuwa na miaka kumi na miwili, mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, nimeshika mpira wa maji nikizinywesha kuta za nyumba yetu mpya kana kwamba ni mitende. Katika joto lile, kuta zisiponyweshwa hupasuka, na mimi nilikuwa mtoto aliyeogopa sana vitu vinavyopasuka. Nililala nikiwazia nyufa. Shuleni nikifuta neno moja, nyumbani niliunakili ukurasa mzima upya. Viatu vya familia nilivipanga mlangoni kwa urefu, na mtu akivaa vyake na kuacha pengo, sikutulia mpaka arudi. Mama alisema nimezaliwa na rula mkononi. Alisema akicheka, ila nadhani jambo lenyewe lilimtia wasiwasi.

Rula hiyo ilipata kazi siku Baba aliporudi kutoka Nizwa na kalenda. Baba alikuwa mkaguzi wa mita za umeme. Siku nyingi alikuwa njiani, mara Samad Ash Shan, mara vijiji vya milimani vya Dima wa Tayyin, na gari lake lilirudi jekundu kwa vumbi. Siku hiyo alikuwa amekwenda kuchagua vigae vya nyumba mpya, na mwenye duka akampa kalenda ya ukutani iliyotoka Italia. Kila mwezi ulikuwa na picha ya nyumba moja ya matajiri wa mji wa Venisi. Sikujua lolote kuhusu Venisi. Nilijifunza peke yangu, kwa kamusi elezo kubwa ya maktaba ya shule na kwa kukodolea macho picha mpaka yaume. Nikajua kwamba ni mji uliojengwa juu ya maji, kwamba watu wake walikuwa wafanyabiashara wa pilipili, hariri na viungo, na kwamba walipotajirika waliacha kujenga ilimradi nyumba, wakaanza kupima. Walitazama magofu ya Warumi wa kale, wakachukua nguzo zao na matao yao ya nusu duara, wakaamua kwamba uso wa nyumba lazima uwe na mpango. Madirisha ya katikati yalikusanyika pamoja kama familia inayopigwa picha, na kushoto kulikuwa sawasawa na kulia. Nilipima kwa rula yangu: kulikuwa sawasawa kweli. Sijui kama kuna mtoto mwingine aliyewahi kulia kwa sababu madirisha yamelingana. Mimi nililia, chooni, ili wasinione.

Picha iliyonishika kuliko zote ilikuwa ya mwezi wa Machi. Mpiga picha alisimama kwenye mlango unaotazama maji, akapiga moja kwa moja kwa ndani. Ukaona ukumbi mrefu, na mwisho wake mlango mwingine, na nje ya mlango huo bustani, vyote katika mstari mmoja, na nuru ikipita humo bila kugusa kitu. Bibi yangu, mama yake Baba, aliiangalia picha ile kwa miwani yake iliyofungwa kwa uzi. Bibi alizaliwa na kukulia Unguja mjini, akaolewa Tabora, akazeekea Ibra, na kila nyumba aliyoiona duniani aliipima kwa nyumba tatu alizokwishaishi. "Nyumba nzuri," alisema. "Matajiri hawa ni wenzetu, wa biashara na bahari. Lakini mjukuu wangu, mbona haina haya?" Sikumwelewa, wala sikuuliza. Nilidhani anasema kuhusu sanamu zilizochorwa darini.

Ramani ya nyumba yetu ilikuwa imekwishachorwa na mtu wa ofisi. Ilikuwa ramani ya kawaida ya kwetu: mlango wa mbele pembeni, kisha ukumbi unaokata kona, majlisi ya kupokelea wageni wanaume upande mmoja, na mlango wa ndani wa kutokea uani umefichwa huko ambako jicho la mgeni halifiki. Kwangu ilikuwa kama sentensi iliyofutwafutwa. Nilichora uso mpya katika daftari la hesabu lenye miraba, matao matatu katikati, dirisha kushoto, dirisha kulia, na mlango katikati kabisa. Nilimpa Baba akila chakula cha mchana. Alitazama mpaka wali ukapoa. "Haya," akasema hatimaye, "uso nakuachia wewe. Mlango wa mbele na uje katikati. Lakini ule wa ndani usiuguse, Salma. Ubaki pembeni. Umenisikia?" Nilimwambia nimesikia. Nilikuwa nimesikia.

Fundi wetu alikuwa Bashiri, Mpakistani mwenye ndevu za hina, anayetembea na timazi ya kunyooshea kuta mfukoni kama wengine wanavyotembea na tasbihi. Tulizungumza Kiarabu cha mafundi, ambacho hakina jana wala kesho, kila kitu kiko leo. Alianza kazi alfajiri na kuacha jua likipanda, akarudi alasiri, na kwa kuwa Baba alikuwa njiani, mimi ndiye niliyepeleka maneno. Asubuhi alipokuwa anaanza ukuta wa ndani, nilisimama mahali mlango wa mbele ulipo, nikatazama. Mlango wa pili ungekaa pembeni, hatua mbili kutoka kwenye mstari. Nuru ingeingia, ingegonga ukuta na kufa hapo. Nikamwambia Bashiri, "Mlango huu unakuja hapa, unalingana na ule."

Alitazama alama zake chini, akanitazama mimi. "Mama anakaa wapi?"

"Mama yuko nyumbani."

"Hapana. Nyumba hii. Mama anakaa wapi?"

"Baba anasema ulingane," nikasema.

Huo ndio uongo wangu, na nauandika hapa bila kuupunguza. Sikudanganya kwa kuogopa, kama watoto wanavyodanganya mara nyingi. Nilidanganya kwa sababu ya mstari. Bashiri alinyanyua mabega, akahamisha uzi. Siku chache baadaye, alasiri, milango yote miwili ikiwa bado ni mianya mitupu, jua liliingia kutoka barabarani, likapita ukumbini, likatokea uani na kutua kwenye ukuta wa jiko kama shuka la dhahabu. Ilikuwa Machi yangu. Hata Bashiri aliweka mwiko chini akasema, "Zeni, zeni," yaani nzuri, nzuri. Nilifurahi nusu saa nzima, na kwa mtu kama mimi hicho ni kipindi kirefu.

Jumatano iliyofuata Bibi alikuwa akirudi kutoka soko la wanawake pamoja na jirani yetu Bi Shamsa, mwanamke mnene, mcheshi, ambaye ulimi wake uliogopwa mpaka mwisho wa mtaa. Mimi nilikuwa nje na mpira wa maji. Mama alikuwa amekuja kutazama jiko. Joto lilimzidi, akijua yuko uani kwake, ndani kwake, akavua mtandio, akachukua mpira wa pili na kujimwagia maji kichwani, huku akiimba. Jua la alasiri likammulika barabara, kama aliyepandishwa jukwaani. Bi Shamsa alisimama katikati ya njia na kikapu chake.

"Bi Zuwena," akamwambia Bibi, "mkwe wako mashallah ana nywele! Miaka yote hii tunakaa naye, leo ndiyo kwanza nazijua."

Bibi aligeukia mwanya wa mlango. Alipaza sauti, "Wee Zainabu! Ingia ndani!"

"Mimi niko ndani, Mama!" Mama akajibu kutoka uani, na maji yanamchuruzika.

"Huko si ndani! Huko ni sokoni!"

Bi Shamsa alicheka mpaka akashika ukuta, ukuta wenyewe mbichi, akaondoka na saruji kiganjani. Lakini Bibi hakucheka. Aliitazama nyumba kutoka mlango hadi mlango, hadi jikoni, akasema, "Nyumba gani hii, imefunua kinywa kama kiboko. Mimi humu sihamii. Mtanizika kwenye ile ya zamani."

Baba alirudi kabla ya magharibi. Alisimama mlangoni, akaona alichokuwa amekikataza, na akamwita Bashiri. Baba hakuwa mtu wa kupiga kelele. Alizungumza polepole, na hilo lilikuwa baya zaidi. Alimwambia kwamba alimwamini kwa nyumba atakayoishi mama yake mzazi, kwamba alama zilikuwa chini mtu hawezi kukosa kuziona, na kwamba ikiwa kazi imemshinda, yuko fundi mwingine mjini Sur anayetafuta kazi. Bashiri alinitazama mara moja tu. Kisha akasema kwa Kiarabu chake, "Mimi nakosea. Mimi navunja, mimi najenga, sitaki kitu."

Nilikuwa nimeshika mpira wa maji na maji yalikuwa yananijaa viatuni. Nataka kusema kwamba niliruka mara moja kumtetea. Sikuruka. Kwanza niliwaza kwamba akivunja, ukuta utabaki na kovu. Hilo ndilo wazo langu la kwanza, na limeniaibisha kwa miaka mingi kuliko uongo wenyewe. La pili lilikuwa la Bashiri kupanda gari la kwenda kwao na timazi mfukoni. Ndipo sauti ikanitoka, nyembamba. "Si yeye, Baba. Alama ulizoweka alikuwa akizifuata. Mimi nilimwambia wewe umesema ulingane."

Mpira uliendelea kumwaga. Baba akainama, akafunga bomba. "Kwa nini?"

"Nilitaka nuru ipite."

Sijui kama nilitegemea kofi. Baba alimgeukia Bashiri, akamshika mkono kwa mikono yake miwili, na mbele ya Mama, Bibi na mimi akamwomba radhi. Kumwona Baba akiomba radhi kwa kosa langu kuliniuma kuliko kofi lolote. Kisha akaniambia niombe yangu, nikaomba, na Bashiri akanigusa kichwani kwa kiganja kilichokauka saruji, akasema, "Kesho wewe unashika uzi."

Aliyeokoa nyumba ni Bibi. Alikataa ukuta uvunjwe. Alijiburura hadi ukumbini na fimbo yake, akachora mstari sakafuni, hatua nne nyuma ya mlango wa mbele. "Weka kiambaza hapa," alisema. "Mgeni aingie, akutane na ukuta, apige hodi, akohoe, akate kona. Hapo kila mtu atakuwa amekwishajitanda." Niliambiwa nikichore mimi. Nilikichora mara kumi na moja, kila mara katikati, na kila mara Bibi alikataa: upande mmoja lazima uwe mpana zaidi, sinia la halwa na birika la kahawa lipite na mbebaji wake. "Na Bi Shamsa pia apite," akaongeza Mama, na hiyo ndiyo mara ya kwanza watu walicheka tangu Jumatano. Nilishika uzi siku tatu. Kiambaza kikasimama kikiwa kimesogea kulia kwa shubiri mbili, na usiku wa kwanza sikulala vizuri. Siku ya mwisho Bashiri, bila kuambiwa na mtu, aliacha matundu ya mviringo juu kabisa, kupita kimo cha mtu mrefu, safu moja. Alasiri ilipofika jua liliingia kwa tao la mlango, likapita kwenye matundu, na sarafu kumi na tatu za nuru zikatua sakafuni. Jicho halikupita, nuru ikapita. Bibi alihamia wiki ile, na akaweka mkeka wake pale pale sarafu zilipotua, akisogea nazo kila zilivyosogea.

Sasa nina zaidi ya miaka thelathini, naishi Nizwa na nachora nyumba za watu kwa kompyuta. Sikusomea, nilijifundisha, na bado kila ramani ninayoituma naifungua tena mara tano kutafuta kosa. Watu huniletea picha kwenye simu, mstari mnyoofu kutoka mlangoni hadi bustanini, wanataka kama hivyo, na nyumba nyingi mpya za kwetu sasa ni za hivyo, zimefungwa kwa vioo vya giza na mapazia ya kuvutwa kwa umeme. Mimi huuliza kwanza mama anakaa wapi. Wengi hudhani nauliza mtaa. Bibi hayupo tena, mkeka wake upo. Bashiri alirudi kwao akiwa mzee, na timazi alimwachia Baba. Nyumba ile naijua kila kasoro, na zamani niliamini kwamba nikikua nitajenga moja isiyo na kasoro. Sijajenga, na siku hizi hilo halininyimi usingizi, au huninyima mara chache.

Mwaka jana nilimpeleka Mama Venisi. Tuliitafuta nyumba ya mwezi wa Machi, tukaipata. Siku hizi ni jumba la makumbusho, mlango uko wazi kwa kila mwenye tiketi. Nilisimama mahali aliposimama mpiga picha. Ukumbi, mlango, bustani, na nuru ikipita bila kugusa kitu. Ilikuwa nzuri kama nilivyoikumbuka, na nilianza kumweleza Mama kuhusu Warumi, matao na vipimo. Alinisikiliza kwa adabu hadi mwisho. Kisha akarekebisha mtandio wake, akachungulia ndani kwa muda mrefu, akauliza, "Na mama wa nyumba hii, alikuwa akikaa wapi?"

Miaka zaidi ya ishirini naisoma nyumba ile, na swali hilo sikuwahi kuiuliza. Nilisogea pembeni mwa mlango, miguu ikijipeleka yenyewe, nikakohoa. "Hodi," nikasema. Mlinzi alitutazama. Mama alikwishaanza kucheka, na tulisubiri kidogo, kama inavyopasa, kabla hatujaingia.