Vibati vya Mume Wangu

Uvumilivu wangu uliisha pale mwenye gereji aliponiruka kama sipo, akamgeukia shemeji yangu na kumwambia, “Mweleze huyu mama. Magari ya zamani huyumba, ndivyo yalivyo.”

“Huyu mama ana masikio,” nikasema. “Niambie mimi.”

Shemeji akaninong'oneza kwa Kiswahili, “Shem, tulia, watu wanatuangalia.”

“Waangalie! Wamelipa kiingilio?”

Gari nililipeleka pale Mount Druitt, huku ughaibuni tunakoishi, libadilishwe tairi mbili za mbele, basi. Lilikuwa la marehemu mume wangu, la miaka ya sabini, silinda nane, likiwashwa mtaa mzima wa Penrith unajua. Wao wakafanya na alaimenti, kule kunyoosha magurudumu, na hakuna aliyewaomba. Narudi nyumbani, gari linahamahama barabarani, mwanangu wa mwaka mmoja analia nyuma, mikono yangu imekufa ganzi kwenye usukani. Ndipo nikamchukua shemeji, ndugu wa marehemu, tukarudi gereji.

Alaimenti waliyoivuruga aliifanya mume wangu mwenyewe, uani kwetu, tulipofungiwa na corona. Alivuta uzi kutoka tairi ya nyuma hadi ya mbele, na mimi na tumbo langu la miezi saba nikashika ncha, nimekalia ndoo. Kila akipima, alilegeza mkono wa juu unaoshika gurudumu, akachomeka kibati chembamba au akakitoa.

“Kitabu cha gari hili kiliandikiwa tairi za enzi zile,” aliniambia. “Ukifuata vipimo vyake na tairi za leo, litayumba.”

Siku tatu nzima. Nilimtania kwamba nimeolewa na fundi cherehani. Juu ya kila kibati aliandika kwa kalamu mahali pake.

Baada ya wiki sita corona ikamchukua, mtoto hajazaliwa. Tulimzika watu kumi tu, ndio walioruhusiwa. Mama yake aliangalia kwenye simu.

“Vibati vilivyokuwamo viko wapi?” nikamuuliza yule mwenye gereji.

“Tulifuata kitabu. Vya zamani tulitupa.”

Nikalia mbele yao. Hadi leo nachukia kwamba waliyaona machozi yangu.

Kesho yake nilipeleka malalamiko kwenye ofisi ya kulinda wateja. Palipoulizwa ninataka nini, niliandika:

“Niliomba tairi tu. Walifungua kazi ya mume wangu bila ruhusa yangu, wakaitupa. Sitaki pesa. Wapekue taka zao. Wakikosa, waniandikie barua, kwa jina langu, si la shemeji, wakiri kwamba gari hili lilipoingia kwao lilikuwa limenyooka.”